Aliyemwitikia Évariste

Timazi haidanganyi, kila fundi wa kujenga anajua hivyo. Ni kamba tu yenye kipande cha risasi mwishoni, ukiiachia, inanyooka. Lakini Jumatano moja ya mwaka 1956, juu ya mnara wa kanisa uliokuwa ukijengwa kule Kadutu, mlimani juu ya ziwa, Philémon alishika timazi mbele ya ukuta alioujenga kwa mikono yake mwenyewe, akaona kamba inainama. Upepo haukuwepo. Kamba iliinama kushoto, polepole, ukuta ukaifuata, na kule chini ziwa lote likainuka upande mmoja kama maji ya beseni.

"Bandugu, munishike!" akapiga kelele. "Niko naanguka!"

Hakuwa ameanguka. Wenzake walimkuta kifudifudi juu ya jukwaa la miti, amezikumbatia mbao, anatapika. Sikio lake la kushoto lilikuwa linavuma, mvumo mzito wa mto uliojaa. Walimshusha kwa kamba, kama mfuko wa simenti.

Jioni ile ile ndipo ilipofika habari ya Évariste. Huyo alikuwa fundi mwenzake na rafiki yake, mtu wa kwenda kijijini Mumosho kila Jumamosi kumwona mama yake na kurudi Jumatatu alfajiri. Alikuwa amekutwa amekufa maji katika majani ya mto Ruzizi. Wanawake waliokwenda kuteka maji ndio waliomwona, Jumatatu, jua halijatoka. Philémon aliposikia neno "Jumatatu" aliuliza mara mbili kama ndiyo siku yenyewe.

Maana Jumatatu hiyo hiyo, saa kumi na mbili asubuhi, kapita Camille, msimamizi wa mafundi, aliposimama na daftari kusoma majina ya mafundi, Évariste aliitika kwa Kifaransa kwamba yupo. "Présent!" Kila mtu aliisikia ile sauti yake ya puani. Na aliyeitika, loo, alikuwa Philémon! Alijua Camille humfuta kazini mtu asiyeonekana, basi akabana pua akamwitikia mwenzake. Mafundi walicheka chini kwa chini. Camille hakuinua hata kichwa. Aliweka alama yake akaendelea. Mzaha wa kila wiki huo, nani hakuwahi kuufanya? Ila wazee wa nchi yao ya Bushi walikwisha kuonya: jina likiitwa na mwenyewe humwoni, funga mdomo. Fundi ana mwiko wa mkononi na ana mwiko wa mdomoni. Philémon aliutunza ule wa mkononi peke yake.

Tangu siku ile hakupanda tena. Alitembea ameshika kuta kama mlevi, na watu wa kambi ya wafanyakazi walisema kweli amelewa. Dunia ingeweza kutulia siku mbili, halafu sikio likajaa, likaziba, likavuma, na kitanda kikaanza kuzunguka naye. Camille alikuja kumwona, akavua kofia.

"Rafiki, mimi nakuvumilia mpaka mwisho wa mwezi. Usipopanda, jina linatoka kwa daftari, na nyumba ya kambi munaiacha."

Mke wake Apolline alikuwa na mimba ya miezi saba. Akapitisha mkono juu ya tumbo.

Walikwenda kwa daktari mzungu. Akachungulia sikio, akamwambia Philémon afumbe macho na asimame kwa mguu mmoja. Philémon akaenda chini puu.

"Ni maji," muuguzi akatafsiri. "Ndani kabisa ya sikio muko maji, yamezidi. Ni ugonjwa tu, papa, haiko uchawi. Haiue mutu."

"Maji ya wapi?" Philémon akauliza.

Muuguzi akacheka. Apolline hakucheka hata kidogo.

Siku hiyo mchana mvua ilinyesha, na nyumba ikaanza kunuka. Apolline alidhani ni paa linalovuja, akadhani ni nguo mbichi, mwishowe akafuata ile harufu ya tope na majani yaliyooza hadi kitandani, hadi kwenye mto wa kulalia, hadi kwenye shavu la mume wake aliyekuwa amelala ubavu. Akainama, akaweka sikio lake juu ya sikio lile la kushoto kama mtu anayesikiliza mlangoni mwa jirani, na akasikia, kwa mbali kwanza kisha karibu, mto unapita juu ya mawe, na katikati ya mto mtu anakohoa, anameza maji, anakohoa tena, anatafuta pumzi mpaka anaipata, na kwa pumzi hiyo moja anasema kwa sauti ya puani, "Présent."

"Yesu Maria!" Apolline akaruka hadi ukutani.

Kesho yake hakumwuliza padri wala mumewe. Alimleta Cibalonza, mfumu, yaani mganga, mwenye umri mkubwa, akamwingiza kwa mlango wa nyuma. Kizee hakuwasha moto wala kutupa mbegu. Alimtazama Philémon, akanusa hewa.

"Ulimuitikia nani, mwana wangu?"

Philémon akalia kama mtoto, akaeleza yote.

"Yeye hana kisirani na wewe," Cibalonza akanong'ona. "Iko anajua tu kwamba iko présent, kwa sababu ulisema. Sasa atasimama wapi, na mwili wake iko mu udongo? Anasimama mu wewe. Enda pale pale uliposemea. Jina lisomwe, na useme hayuko. Kwa sauti yako, si kwa yake."

Philémon alimwomba Camille asome lile jina; Camille alinung'unika, akapiga ishara ya msalaba, lakini Jumatatu alilisoma. "Évariste!"

Philémon, ameshikilia nguzo, dunia inamzunguka, alipaza sauti yake mwenyewe: "Hayuko! Alikufa!"

Kitu cha moto kilimtoka sikioni kikateremka shingoni. Maji, matone matatu, yananuka tope. Mvumo ukakatika. Akaachia nguzo, akasimama wima bila kushika kitu, na wanaume wazima walifuta machozi.

Alhamisi alikuwa juu ya mnara, anaimba. Mawingu yalikuwa yanakuja kutoka ziwani, na Camille, asitake kupoteza asubuhi, aliwaacha wapande kwanza, akasoma majina akiwa chini. Wakaitika mmoja mmoja kutoka juu.

"Philémon!"

Philémon akafungua kinywa. Kabla hajatoa neno, kushoto kwake, mahali ambapo jukwaa lilikuwa limekwisha na ilikuwepo hewa tupu, sauti ikaitika: "Présent!"

Ilikuwa sauti yake. Iliigwa vizuri sana, ila ilitokea puani kidogo.

Mafundi wawili walianza kucheka, wakamtazama mdomo, wakaona hajasema neno, wakaacha. Chini, Camille aliweka alama katika daftari bila kuinua kichwa. Philémon akaelewa, na baridi ikamshika hadi kwenye kucha: rafiki yake alikuwa amemrudishia fadhila. Na mtu huitikiwa na mwenzake pale yeye mwenyewe akiwa hayuko.

Akageuza macho kwenye timazi. Ilikuwa imenyooka. Kisha, upepo ukiwa haupo, ikaanza kuinama kushoto.