Nyuma ya Magazeti

"Skander! Toka humo ndani!"

Emna aligonga kioo cha mkahawa kwa funguo zake. Ilikuwa saa tisa alasiri, Ramadhani ya kumi na tisa, na hakuna mtu mjini Sfax wa kuchezewa saa hiyo, kwa kuwa hajanywa kahawa tangu alfajiri. Vioo vya mkahawa vilibandikwa magazeti kama kila mwaka, wanaokula wasionekane na wanaofunga. Gazeti moja lilikuwa limechanika pembeni. Kwenye ule mwanya Emna alimwona mchumba wake, na mezani kwake kuna sahani ya mayai na mkate.

Skander alitoka mbio, akaurudishia mlango nyuma yake.

"Emna, umefuata nini huku?"

"Mimi ndiye wa kuulizwa? Ulisema, 'Siamini, lakini mwaka huu nitafunga kwa ajili yako.' Nilikulazimisha?"

"Hukunilazimisha."

"Ile sahani ni ya nani?"

Skander alitupia jicho mlangoni.

"Ya nani, Skander?"

"Siwezi kukuambia."

"Kila magharibi unakaa mezani kwetu, baba yangu anakuchagulia tende nono, kumbe tumbo limeshiba! Ninyi msioamini mnatuona wajinga, eh?"

"Na ninyi mkishajua mtu haamini, basi ni mwongo tayari. Umeuliza sahani ya nani. Hujaniuliza kama nimekula."

"Nikuulize ili iweje? Mtu asiye na Mungu atamwogopa nani hata aseme kweli? Hata akipata neema, anamshukuru nani?"

Hilo lilimchoma Skander, na Emna aliliona, na kwa hasira zake akafurahi. Akavua pete, akamtia kiganjani.

"Ramadhani ya ishirini na saba usiwalete wazazi wako. Zawadi zenu za uchumba mpeni mwingine."

Aliondoka bila kugeuka nyuma. Machozi aliyaachia alipopita kona, asionekane.

Alipokuwa jikoni anakoroga supu ya shayiri, simu ililia kwa ujumbe wa Skander.

"Sijakudanganya. Kilichobaki si siri yangu. Msalimie Ami Hedi."

Akajibu: "Usiniandikie tena."

Adhana ya magharibi iliposikika, Mzee Hedi, baba yake, ambaye Skander humwita Ami kwa heshima, aliketi na kunyoosha mkono kwenye tende. Mkono ukasimama njiani. Tangu mama alipofariki meza ile ilikuwa ya watu wawili, lakini Ramadhani hii walikuwa wamezoea bakuli la tatu.

"La Skander liko wapi?"

"Hatakuja. Si leo, si kesho."

"Kafanya nini?"

"Nimemfuma mkahawani, baba, kwa macho yangu haya. Sahani ya mayai mbele yake!"

Mzee aliirudisha tende sahanini. Uso ulimshuka.

"Yale mayai yalikuwa yangu."

"Yako vipi?"

"Nilikuwa msalani uliponadi pale nje. Nikasikia sauti yako tu, maneno sikuyapata, nikajibanza humo humo kama mwizi wa kuku."

"Baba! Lakini tunakula daku pamoja!"

"Daku nakula ili usijue. Kabla mwezi haujaandama daktari alinikataza kufunga, kwa hii sukari yangu. Nikakaidi. Siku ya tatu nikaanguka sokoni. Skander ndiye aliyeniinua, akaninywesha maji ya sukari, akaniingiza pale. Tangu siku hiyo ananisindikiza."

"Kwa nini usiniambie?"

"Miaka hamsini nafunga, mwanangu. Nasali safu ya mbele. Mungu kaniruhusu kula, mimi nikaona haya kwa majirani na kwako. Nikamwapisha kijana asiseme."

Emna alimsogelea.

"Na yeye hula nini pale?"

"Hata maji hagusi! Nikamwambia, 'Kula bwana, wewe huamini, nani atakuuliza?' Akanijibu, 'Emna.'"

Emna alimpigia Skander simu.

"Uko wapi?"

"Mlangoni kwenu. Ami Hedi amesahau sindano zake mkahawani."

Alimfungulia. Skander alikuwa na kifuko mkononi, midomo imemkauka.

"Hujafuturu?"

"Nilikuwa natembea."

"Nisamehe, Skander. Nimekuhukumu kwa tundu la gazeti." Kisha akatabasamu katikati ya machozi. "Kumbe imani imekuingia na hutaki kukiri!"

"Hapana, Emna. Usinirudie kwa hilo. Siamini leo kama ambavyo sikuamini jana. Nilifunga kwa sababu nilikuahidi."

Maneno hayo yalimwingia Emna kwa uzito. Angetaka asikie mengine, na hakumficha.

"Sikuelewi, wallahi."

"Nami sikuelewi ukisujudu. Huwa nakungoja tu umalize."

"Basi endelea kuningoja. Na mimi nitakungoja."

Sauti ya mzee ikatoka ndani. "Ngojeaneni mezani, supu inapoa! Na kuanzia kesho nakula hapa nyumbani, mchana kweupe. Majirani wakitaka, waje wanione!"

Emna alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Alinyoosha kidole, Skander akamrudishia pete.

"Siku ya ishirini na saba waje wazazi wako. Wakichelewa nawafuata mwenyewe."

Waliketi watatu. Skander hakugusa bakuli.

"Lile swali lako, namshukuru nani... nimelibeba njia nzima. Siku ile Ami Hedi alipofumbua macho sokoni, nilijaa shukrani mpaka nikalia. Nikageuka huku na huku, sikujua pa kuzipeleka."

Mzee Hedi aliinamia supu yake, akajifanya hajasikia. Emna alichagua tende nono kuliko zote, akaiweka mkononi mwa Skander.

"Zilete kwangu," alisema. "Nitazifikisha."