Fomu Aliyoijaza Yote

Mdogo wangu aliibiwa pesa kwenye kadi yake ya benki, na namba zote mwizi alipewa na yeye mwenyewe. Nasema hivi mbele yenu kwa ruhusa yake, ili msije mkarudia.

Ni fundi wa kuchomelea vyuma, tunamwita Cheche. Jumamosi hiyo asubuhi nyumba ilikuwa shwari. Mkewe, fundi cherehani, alikuwa akipinda suruali za shule dirishani. Cheche alikaa na simu, analipia leseni ya karakana mtandaoni, maana ilikuwa inakwisha Jumatatu. Kwenye kadi ile kulikuwa na laki sita alizopewa na mwenye shule aliyeagiza geti. Zilikuwa za kununulia vyuma, si za kuchezea.

Akatafuta mahali pa kulipia, akabonyeza tovuti ya kwanza iliyotokea. Ilikuwa na nembo na bendera, basi akaridhika.

Sasa elewa, msomaji: sisi tumekulia kwenye madirisha ya ofisi. Ukiacha nafasi moja wazi, karani anakurushia fomu na unarudi mwisho wa foleni. Cheche alirushiwa mara tatu kwa leseni yake ya kwanza. Tangu hapo haachi nafasi. Tovuti ilitaka namba ya kadi, akajaza. Ilitaka namba ya siri, akajaza. Kisha benki ikamtumia tarakimu sita kwenye simu, pamoja na onyo: usimpe mtu yeyote.

"Baba, hilo onyo umelisoma?" mkewe alimuuliza.

"Nimelisoma. Limesema mtu. Serikali si mtu."

Akajaza.

Ada ya elfu hamsini ikakatwa, risiti haikuja. Saa nzima ikapita. Halafu ujumbe: laki mbili zimetoka.

"Pigia benki," mkewe akasema.

"Mtandao tu unasumbua, zitarudi. Unataka nichekwe mtaa mzima?"

Hapo ningekuwepo ningemzaba kofi, pamoja na ndevu zake. Akanipigia mimi, kaka yake, tukaongea mpira nusu saa. Hakunigusia neno. Saa mbili baadaye zikatoka laki mbili nyingine.

Shemeji yangu akaweka mkasi chini. "Lete simu."

"Mama, leo Jumamosi, benki imefungwa."

"Namba ya dharura iko nyuma ya kadi. Igeuze!"

Alimsimamia mpaka mhudumu wa benki akathibitisha kwamba kadi imefungwa. Jumatatu akamfungia karakana, akamtanguliza benki, polisi, kisha ofisi ya leseni. Karani akatazama simu, akatikisa kichwa.

"Tovuti hii si yetu. Yetu imeandikwa chini ya leseni yako ya zamani."

Leseni hiyo ilikuwa imetundikwa ukutani mwa karakana mwaka mzima, usawa wa macho yake.

Kutoka hapo wakaenda kwa mwenye shule, wakamwambia ukweli wote.

"Kwa hiyo geti langu nalipata lini?"

"Wiki tatu," shemeji akajibu, kabla mumewe hajafungua mdomo. "Na tukichelewa, njoo uchukue cherehani yangu."

Hawakuchelewa.

FUNZO

Usilipe ada ya serikali kwenye tovuti ya kwanza unayoiona. Anwani ya kweli itafute kwenye karatasi walizokupa, au nenda ukaulize. Namba ya siri na tarakimu za benki usimpe yeyote, awe mtu, ofisi au bendera. Na ukishtuka, piga simu benki dakika hiyo hiyo. Mwizi anapenda sana watu wenye aibu.

Wanaosema ni ajali ndogo, hii hapa hesabu. Laki mbili ziliibwa kabla hajajua. Laki mbili ziliibwa wakati anaona haya. Elfu hamsini ni ada hewa, na elfu hamsini nyingine ni ada halali. Karakana ilifungwa siku nne kwa mizunguko ya maofisini. Jenereta la karakana liliuzwa ili vyuma vinunuliwe. Benki haikurudisha hata senti, kwa kuwa namba alizitoa mwenyewe. Geti limesimama shuleni, zuri kweli, na faida aliyopata fundi wake ni sifuri.