Mkanda Juu ya Sumaku

Uledi alimkanyaga Kuruthumu mtaa wa Kongo, watu wamebanana. Alikuwa na spika begani, haoni upande mmoja. Kuruthumu, baibui jeusi na mtandio wa zambarau, akautazama mguu wake.

"Kaka, hiyo spika imekuziba na macho?"

"Samahani dada. Nipe namba, kesho niulize kama mguu umepona."

Akacheka. Namba akampa.

Basi akawa anapitia karakana ya spika ya Uledi, mtaa wa Gerezani, kila akitoka kazini. Alikuwa kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Jioni alitakiwa kupeleka mkanda wa kumbukumbu za kampuni stoo ya Mchafukoge, kwa Shomari mtunza stoo, bila kusimama popote.

"Kama kaseti ya taarabu," Uledi alisema akiugeuza.

"Ndugu yake. Umepakwa unga wa sumaku. Ukipita kwenye kichwa cha mashine, chembe zinageuzwa, hii huku, ile kule. Hizo ndizo taarifa. Ukishautoa mashineni, mwizi wa mtandao haufikii."

Uledi alikuwa anaitazama midomo yake, maneno hayasikii. Akaurudisha mkobani, mkoba akauweka juu ya rundo la sumaku za spika, apate pa kumkalisha.

Kesho yake kompyuta kuu ya kampuni iliungua. Mkanda ukaletwa, mashine ikaukataa. Kuruthumu akapiga simu amejifungia chooni.

"Mpenzi, umefutika. Hata mistari iliyowekwa kiwandani kuongoza kichwa cha mashine imekwenda. Hauandikiki tena."

"Kinachofuta ni nini?"

"Sumaku."

Uledi akatazama meza yake. "Mkoba niliuweka mimi."

"Najua. Nyamaza. Wanamshika Shomari, wanasema umeharibikia stooni kwake."

"Shomari ana watoto."

"Na mimi nina mama mgonjwa. Unampenda Shomari au mimi?"

"Wewe. Ila sitaki kulala na jambo hili."

Akamkatia simu. Uledi akapiga, akapiga tena, haikupokelewa. Akafunga karakana, akaenda kusimama nje ya ofisi yao.

Kuruthumu akatoka, macho mekundu, kikombe chake cha chai mkononi.

"Nimekuja kusema," Uledi alimwambia.

"Nimeshasema. Shomari karudi kazini, mimi nimefukuzwa."

"Umewaambia ulipita kwa nani?"

"Kwa mchumba wangu. Ulitaka niseme kwa fundi spika?"

Uledi akanyoosha mkono. Kuruthumu akausukuma.

"Usinishike, bado nina hasira na wewe. Tunaenda kwa mama. Wewe ndiye utamwambia kwa nini sina kazi. Ukimaliza, umwambie na hilo la uchumba."