Jiko Chini ya Kitanda

Salme alikuwa akisukuma kitambaa cha mwisho kwenye ufa wa mlango. Baridi ya Julai ilikuwa imeukumba mtaa mzima wa Pumwani. Chini ya kitanda jiko lilikuwa likiwaka, makaa mekundu, moshi hakuna. Juu ya kitanda alilala Muhiba, mtoto wake wa kwanza. Alikuwa na siku kumi na tisa.

Mama mkwe ndiye aliyeagiza. "Mzazi hukaa arobaini karibu na moto," alisema kabla ya kurudi Mombasa. "Baridi ikimwingia mtoto, utajuta."

Salme alipoinuka, kichwa kilimgonga na kizunguzungu kikamshika. Akafikiri ni uchovu.

"Hodi! Mama Muhiba, uji wako!"

Alikuwa Asenath, jirani yao, mfanyakazi wa kliniki. Alisukuma mlango, akaona jiko. Alimnyakua mtoto, akamvuta Salme mkono, wakatoka uani.

Twalib, mumewe Salme, aliacha useremala wake akaja mbio. Muhiba alikuwa mlegevu kama kanga iliyolowa. Walimtazama, nao wenyewe wakasahau kupumua.

Mara mtoto akapiga mwayo. Akarusha mguu. Akalia, na kilio kile kikajaza ua mzima.

"Mashaallah," Twalib alinong'ona.

"Bado," Asenath alisema. "Twendeni hospitali, mama na mtoto wakaangaliwe."

Walirudi alasiri, wote wazima.

"Lakini jiko halikuwa na moshi," Twalib alisema. "Nililiacha nje mpaka likaiva."

"Moshi ungewakohoza, mngekimbia. Makaa yakiiva hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Chumba kikizibwa, mtu hulala asiamke."

"Kwa hiyo mama alikosea?"

"Alitaka joto, shemeji, na joto ni haki. Ila nyumba yake ya makuti kule Mombasa hupitisha hewa. Nyinyi mmeziba hata tundu la panya."

"Na baridi je, dada?" Salme aliuliza.

"Mvike nguo mbili, lakini kichwa na uso usifunike. Jiko libaki nje. Maji ya kukukanda yachemshie huko. Mlaze chali, kwenye godoro gumu, bila mto. Na alale peke yake, karibu nanyi."

"Peke yake! Si katikati yetu?"

"Katikati yako na huyu anayekoroma kama msumeno? Akigeuka, atajuaje amemlalia nani?"

"Shemeji, nani kakwambia nakoroma?"

"Ukuta wa udongo, baba. Mtaa wote unajua."

Twalib alicheka, akaenda kuchagua mbao. Kufika magharibi, kitanda kidogo cha mtoto kilikuwa na pande tatu tu. Salme alikuwa amemlaza Muhiba chali kwenye kigodoro, juu ya mkeka. Upepo ulipita chini ya mlango, ukamgusa Salme miguu. Hakuuziba ule ufa.

Twalib aliingia na nyundo. Wakasimama wakitazama kifua kile, kidogo kuliko kiganja, kikipanda na kushuka chenyewe, bila kufundishwa na mtu.

Twalib aliilaza nyundo sakafuni polepole.

"Upande wa nne kesho," alinong'ona. "Nikigonga sasa, nitamwamsha."