Siku Tatu za Libérata

Mdogo wangu Cyuzuzo alikuwa mwaka wa mwisho katika shule ya sanaa, upande wa uchongaji. Jumanne ya kwanza ya kazi yake ya diploma alikunywa chai ya maziwa akiwa amesimama, akafunga nywele kwa kitambaa chenye madoa ya udongo, akanilaumu kwamba nimemfichia kompa, kile chuma chenye miguu miwili iliyopinda wanachopimia uso wa mtu. Kompa ilikuwa chini ya kitanda chake. Tulicheka. Ziwa lilikuwa limetulia na Gisenyi yote ilinukia mvua ya usiku uliopita.

Kazi yenyewe ilikuwa kufinyanga kichwa cha mtu aliye hai, kwa ukubwa wake halisi, katika vikao kumi na viwili. Miaka ya nyuma wanafunzi walikuwa wakinakili picha za simu, kwa hiyo shule iliweka fomu yenye visanduku kumi na viwili. Kila kikao, yule anayefinyangwa aweke sahihi au dole gumba. Mwalimu wao, Régis, hakuwa na mchezo na fomu hiyo. Kisanduku kimoja kikibaki wazi, unarudia mwaka.

Cyuzuzo alimpata mama Libérata, mjane wa Nyamyumba. Mifupa ya mashavu yake ilijitokeza kiasi kwamba kivuli kilikaa chini yake hata saa sita mchana. Wazazi wetu walirudi Rwanda kutoka Tanzania, kwa hiyo sisi tunaongea Kiswahili cha kule. Cha Libérata kilikuwa cha hapa mpakani na Kongo, na alipenda kututania kwacho.

"We mutoto, udongo itatosha pua hii yote?"

Hakutaka pesa. Alitaka umubyizi, siku ya jembe, kama majirani wa vijijini wanavyobadilishana: leo nakulimia, kesho unanilimia.

"Mi nakaa siku moja, we unalima siku moja. Tusidanganyane."

"Mama, mimi sijui kulima."

"Na mi sijui kukaa bure. Bon, tutafundishana."

Ikawa hivyo. Jumanne Libérata alipanda pikipiki kuja studio, akakaa kwenye kiti cha mbao karibu na dirisha. Jumatano Cyuzuzo alienda Nyamyumba kulima shamba la maharage nyuma ya nyumba ya mama huyo, hadi saa tisa na nusu, saa ambayo Libérata alikuwa akiweka jembe chini kila siku. Walifanya hivyo wiki tisa.

Ijumaa ya wiki ya tisa Libérata alifariki. Walisema ni moyo.

Jumamosi tulienda msibani. Cyuzuzo alikuwa na fomu kwenye mkoba, na kidau cha wino. Aliniambia njiani, kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Ni visanduku vitatu tu, dada. Uso wake ninao kichwani. Nikianza na mtu mwingine sasa, mwaka umeisha."

Ningeweza kukataa. Badala yake nilisimama kwenye mlango wa chumba alimolazwa, kuangalia asiingie mtu. Kabatesi, binti wa marehemu, alikuwa ametupisha ili tuage. Nyuma yangu nilisikia dole likibonyezwa kwenye karatasi. Mara ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Nilipogeuka, wino ulikuwa umebaki pembeni ya ukucha. Mimi ni mtu wa kuona vitu kama hivyo. Nililowesha leso kwa mate, nikalishika lile dole baridi, nikaufuta.

Nikiwa nafuta, dole lilinibonyeza kidogo kiganjani, kama lilivyobonyezwa kwenye karatasi. Nilijiambia ni mimi niliyebonyeza.

Walimzika Jumapili, pembeni ya shamba lake.

Jumanne iliyofuata Cyuzuzo alirudi kabla ya chakula cha mchana. Hakuvua viatu.

"Alikuja," alinong'ona.

"Nani?"

"Sikumwona. Lakini kiti kililia, kama anavyokaa yeye. Nikamsikia anapumua kwa pua." Akatazama viganja vyake. "Na mikono yangu ilifanya kazi vizuri, dada. Haijawahi kufanya kazi vizuri hivyo."

Nilimwambia achane na sanamu hiyo na fomu hiyo. Alinitazama kana kwamba nimemwomba akate kidole chake.

Kesho yake nilienda kazini. Niliporudi jioni nilimkuta kitandani, viganja vimefunguka juu ya shuka. Kulikuwa na malengelenge manne mkono wa kulia, matatu wa kushoto. Kucha zilikuwa zimejaa udongo mweusi. Udongo wa studio ni wa kijivu. Alisema hakutoka nje siku nzima; alipatwa na usingizi asubuhi, akazinduka saa tisa na nusu. Nilikagua viatu vyake. Vilikuwa vikavu, na soli zilikuwa safi.

Jumanne ya pili niliomba ruhusa kazini, nikaenda naye. Wanafunzi wengine walikuwa darasani. Tulikuwa sisi wawili tu na kile kiti. Saa tatu na dakika kumi, mbao za kiti zililia.

Cyuzuzo hakushtuka. Alichukua kompa, akainama mbele ya kiti kitupu, akaifunga taratibu hewani kama mtu anayepima upana wa mashavu. Miguu ya chuma ilikaribiana. Kisha ikasimama.

"Jaribu wewe," alisema.

Nilishika kompa. Niliibana kwa nguvu. Haikufunga. Kati ya ncha moja na nyingine kulikuwa na kitu, na kilikuwa laini kwa juu na kigumu kwa ndani.

Niliipima kwa rula baadaye. Sentimita kumi na tatu na nusu. Kwenye daftari la mdogo wangu, ukurasa wa kikao cha kwanza, kimeandikwa kipimo hichohicho.

Mchana huo nilienda peke yangu kwa Kabatesi. Nilimweleza yote, pamoja na leso. Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Aliacha.

"Mulichukua kidole ya mama akiwa amekufa?"

"Ndiyo."

"Mara tatu?"

"Tatu. Tufanye nini, dada Kabatesi? Tuvunje sanamu? Tuchome karatasi?"

"Choma. Vunja. Mi nitakukataza?" Alitikisa ungo mara moja. "Mama alikuwa mutu wa neno lake. Akisema nitakaa, anakaa. Na we ukisema utalima, unalima. Alikuwa anakuja kumungoja mutu hapo mlangoni na jembe mbili. Sasa mi nitaenda kumwambia nini? Na ataniskia na masikio gani?"

Hakuwa na hasira. Hilo ndilo lililonivunja. Alinitazama kama watu wanavyomtazama mgonjwa ambaye daktari ameshamwambia arudi nyumbani.

Jioni Cyuzuzo alichoma fomu mwenyewe, kwenye jiko la mkaa, bila mimi kumwambia. Alilia kwa ajili ya diploma yake. Nilifurahi kumwona analia. Nilidhani tumelipa.

Jumatano usingizi ulimshika tena, na saa tisa na nusu hakuweza kunyoosha mgongo.

Jumanne ya tatu nilimzuia asitoke. Tulikaa chumbani, redio imefunguliwa. Saa nne kasoro robo simu yangu ililia. Alikuwa Régis.

"Bon, Cyuzuzo iko wapi? Simu yake haiingii. Yule mama wake wa sanamu amefika."

Nilizima redio.

"Amekaa hapa dirishani. Donc, nimwambie angoje?"

"Mwalimu," nilisema, "yule mama..."

"Ngoja. Anasimama." Nilisikia hatua za Régis zikienda na kurudi. "Si mbaya. Anasema si kitu, mutaonana kesho."

Cyuzuzo alikuwa ameegemea bega langu. Alisikia kila neno.

Jumatano nilifunga mlango kwa ufunguo, nikauweka ufunguo mdomoni, kisha nikaona ni ujinga, nikautia kwenye soksi. Nilifunga mkono wake kwenye mkono wangu kwa kitenge. Mafundo matatu. Ilikuwa saa moja asubuhi, jua linaingia, majirani wanafua uani.

"Usilale," nilimwambia.

"Silali, dada."

Saa mbili kamili macho yake yalibaki wazi lakini hakuwa akinitazama. Alianza kupumua kwa kipimo, kama mtu anayelima. Anavuta, anashikilia, anaachia. Anavuta, anashikilia, anaachia. Nilimpiga kofi. Nilimwagia maji. Maji yalikauka juu ya uso wake kama yamemwagwa juu ya jiwe lililoshinda juani.

Saa nne lengelenge lilivimba kwenye kiganja chake mbele ya macho yangu. Hakuna kitu kilichokigusa. Likapasuka. Udongo mweusi ukaanza kujaa chini ya kucha, taratibu, kutoka ndani.

Nilipiga kelele. Majirani walivunja mlango. Walimshika wanne, wakambeba hadi kituo cha afya, mimi nikikimbia pembeni kwa sababu mafundo yalikataa kufunguka. Walimtundikia dripu. Hakuacha kupumua vile.

Saa nane midomo yake ilitikisika. Niliinama.

"Nimechoka," alisema. "Lakini pamebaki pakubwa kulima."

Saa tisa na nusu aliacha kupumua.

Muuguzi ndiye aliyekata kitenge kwa mkasi. Kwenye karatasi waliandika kwamba moyo ulisimama. Sikubishana nao.

Sanamu iko shule. Régis aliikuta imekamilika Jumanne ileile, hajui na nani, akaomba diploma itolewe kwa heshima ya Cyuzuzo. Wazazi wetu wameitundika diploma hiyo sebuleni. Sijawaambia kitu.

Wiki iliyopita nilienda Nyamyumba. Kabatesi hajagusa shamba tangu msiba, na hakuna jirani anayekubali kulilima. Hata hivyo, kando ya kaburi la mama yake kuna kanda tatu za udongo uliolimwa, kila moja upana wa hatua nne, magugu yameng'olewa vizuri, hakuna alama hata moja ya mguu. Nilizipima mara mbili. Kanda tatu, siku tatu. Nilitaka kuamini kwamba imeisha, kwamba mdogo wangu ameweka jembe chini.

Kabatesi alinigusa kiwiko, akanielekeza kwa kidevu upande wa pili wa kaburi.

Pale palikuwa na ukanda wa nne. Ulikuwa mfupi, haukufika hatua mbili, udongo wake bado una unyevu. Ulikuwa umeanzwa tu. Udongo ulikuwa umetupwa upande usio wa kawaida, kama unavyotupwa na mtu wa mkono wa kushoto.

Cyuzuzo alikuwa wa kulia. Mimi ndiye wa kushoto.