Sarafu Zilizosuguliwa

Jua likiwa linaaga, fundi wa vanishi alijifuta mikono kwenye suruali yenye madoa ya kila meza aliyowahi kuipaka, akabana kisanduku cha mahameli kwapani, akatoka kwenda kuuza utajiri wake.

Mtaani walimwita Mng'aro, na hawakumwonea. Kitu kilichofifia hakikumpita salama. Aliwahi kwenda kwenye mazishi akaanza kulifuta jeneza kwa kiwiko, wafiwa wamekaa palepale wanamtazama.

Jioni hii hakuwa na mzaha. Mkewe alikuwa kitandani. Hakuwa na homa wala kidonda. Alikuwa anapungua tu, kama sabuni iliyosahauliwa ndani ya ndoo. Daktari wa jirani alisema apelekwe hospitali kubwa, haraka. Na hospitali kubwa humpokea mtu kwa mikono miwili: mmoja wa kumshika mgonjwa, mwingine wa kushika pesa.

Pesa zilikuwa kwapani. Sarafu sita za fedha, za kale, alizozinunua kwa akiba yote ya nyumba kutoka kwa mfanyabiashara mpole asiyevua glavu zake nyeupe.

"Hizi hazishuki bei," yule bwana alimwambia siku ile. "Ila usizisugue. Weusi wake ndio thamani yake."

Kumkataza Mng'aro kusugua ni kumkataza kuku kuchakura. Alichana kipande cha gauni kuukuu la kulalia la mkewe, pamba laini iliyokunywa jasho la miaka, akaketi nazo. Kila jioni, kusugua. Weusi ukatoka. Mzee mwenye ndevu aliyechorwa juu yake naye akafutika, polepole, pua kwanza. Fedha ilipobaki tupu na kumetameta, Mng'aro akaridhika, akafunga kisanduku.

Ilikuwa baada ya hapo ndipo mkewe alipoanza kukonda.

Sonara alikuwa kaka wa mkewe, mtu mnene mwenye duka jembamba: meza, taa, mizani, na moto wa gesi wa kuyeyushia.

"Karibu, tajiri," alisema. "Umekuja kununua mtaa?"

"Leo nauza, shemeji."

Sonara akafunua kisanduku, akaguna. "Umezisugua. Wanaokusanya sarafu hawataki kitu kinachong'aa kama kipara cha baba mkwe. Ulinunua hadithi, shemeji, halafu ukaifuta. Hata usingezisugua, vitu hivi bei yake huteremka ukishavuka mlango wa aliyekuuzia. Mimi nitakulipa uzito wa fedha, basi."

"Nipe huo uzito. Dada yako yuko hoi."

Mzaha ukamtoka sonara usoni. Akaweka sarafu moja kwenye mizani. Akaiondoa. Akaipuliza mizani, akairudisha.

"Nilikupimia hizi ulipozinunua. Zilikuwa nyepesi kuliko hivi."

"Mizani yako imezeeka."

"Mizani yangu hudanganya wateja, hainidanganyi mimi." Hakucheka. "Fedha haili, shemeji. Fedha hainenepi."

Akaipima tena.

Kisha ikaja harufu. Mafuta ya nazi. Yale yale mkewe aliyojipaka nywele kila asubuhi... na ilikuwa inatoka kisandukuni.

Halafu kikohozi.

Kidogo, kikavu, chenye kukwaruza mwishoni. Mng'aro alikijua. Wiki nzima alikuwa amelala kando yake.

Sonara alibana lenzi jichoni, akainamia mizani. Alikaa hivyo mpaka Mng'aro akasikia gesi ikivuta pumzi kwenye mpira wake.

"Hapa palikuwa na mzee," sonara alinong'ona.

"Alifutika."

"Basi huyu ni nani?"

Hakungoja jibu. Kile kishimo cha kidevu alikuwa nacho mwenyewe; walirithi kwa mama mmoja. Juu ya fedha, dada yake alikuwa anamtazama. Katika sarafu ya pili pia. Katika zote.

"Dawa ya kitu kama hiki ni moto," alisema, na sauti yake ilikuwa imepotea nusu. Akaidondosha sarafu moja kwenye kikombe cha udongo, akaongeza moto wa gesi. Ukingo wa sarafu ukaanza kuwa mwekundu.

Simu ya Mng'aro ikalia. Binti yake.

"Baba... mama anaungua. Ngozi inafura malengelenge. Na hakuna moto humu ndani, baba. Hakuna moto."

Mng'aro hakutafuta koleo. Aliichopoa sarafu kwa vidole vyake. Duka likajaa harufu ya nyama.

"Amepoa," binti akasema baada ya muda. "Analia, ila amepoa."

Walipoinua macho, mlango ulikuwa wazi na mtu amesimama ndani yake. Hawakusikia bawaba. Glavu nyeupe.

"Nasikia kuna anayeuza," alisema kwa upole ule ule. "Nilikuambia hazishuki. Nitakupa ulichonilipa, na juu yake nitaongeza. Sasa zina mtu."

"Mrudishe mke wangu."

"Mimi hununua na kuuza. Kurudisha sijui."

"Yule mwenye ndevu..." Mng'aro alionyesha kisanduku. "Alikwenda wapi?"

"Alisuguliwa."

"Na nani?"

Yule bwana alimtazama kama mwalimu anavyomtazama mtoto mzito wa hesabu. "Zikiwa nyeusi zilikuwa zimelala. Wewe ukaziamsha, ukazimaliza, zikabaki na njaa. Na kitambaa ulichotumia kilikuwa na harufu ya mtu. Unaniuzia?"

Hospitali kubwa ilimpitia Mng'aro kichwani. Vitanda vyake, dawa zake. Wangemtibu nini, wakati mgonjwa mwenyewe yumo kwenye kisanduku?

"Simuuzi mke wangu."

"Busara. Mali ya namna hii ni ya kukaa nayo. Bei itazidi kupanda." Akainamisha kichwa kidogo, akageuka. Barabarani hapakusikika hata unyayo.

"Nenda nyumbani," sonara alisema. Hakuongeza neno shemeji.

Nyumbani balbu ilikuwa inawaka. Shuka ilikuwa karibu imelala yenyewe juu ya kitanda, mwili chini yake haukuiinua kitu. Binti alikuwa amekaa miguuni pa mama yake. Mng'aro aliweka kisanduku juu ya kiti, akakifungua ili aione vizuri sura ya mkewe kwenye sarafu.

Hewa, ambayo hutia fedha weusi, ilikuwa imekwisha anza kazi yake. Ukingoni mwa kila sarafu palikuwa na utando mweusi, mwembamba kama moshi, unatambaa kuelekea jicho la sura ile.

"Mume wangu," mkewe alinong'ona. "Mbona mmezima taa?"

Binti akaitazama balbu. Kisha akamtazama baba yake.

"Kuna kitu usoni kwangu. Kama utando wa buibui. Nifute."

Mng'aro alipitisha kiganja kwenye paji la uso la mkewe kitandani. Palikuwa safi.

"Siusikii mkono wako," mkewe alisema. "Nifute basi. Naona giza, naogopa."

Miaka yote ile kazini, jambo moja alilijua kuliko mtu yeyote: hakuna kung'arisha kusikoondoa kitu. Mbao hupungua. Shaba hupungua. Akimfuta atamwona tena, leo. Na kesho utando utarudi, na kesho kutwa, na kila mara atakayebaki atakuwa mdogo zaidi, mpaka afuate njia ya yule mzee, pua kwanza. Asipomfuta, giza litamfunika, na atakuwa hai ndani yake, macho wazi, akiita.

Akaketi sakafuni kando ya kiti. Akaingiza mikono chini ya mapaja, ule mzima na ule ulioungua, akaikalia.

"Hapo kwenye jicho," mkewe alisema. "Kidogo tu."

"Baba," binti alinong'ona. "Mama amefumba mdomo."

"Kidogo tu," ilirudia sauti ile, karibu na sikio lake, kutoka juu ya kiti.