Gauni Lililokwama Ndani ya Kompyuta

Kila asubuhi, kabla ya kutoka, mume wa fundi cherehani hupita chumba hadi chumba akizima swichi za ukutani. Taa, pasi, redio, hakiachwi kitu. Majirani wamempa jina la Bwana Swichi, naye analipenda.

Siku moja aliikuta kompyuta ya mkewe ina kioo cheusi chenye maandishi machache. Akadhani imesahauliwa, akazima. Kumbe Linux, mfumo unaoiendesha kompyuta hiyo, ilikuwa katikati ya kujisasisha.

Mke aliporudi kutoka dukani, aliiwasha. Ikaandika mstari mmoja, ikakwama. Ndani mlikuwa na mchoro wa gauni la mteja mwenye bega moja lililo juu kuliko jingine. Kumpima kulikuwa kazi. Yule dada alisimama muda mrefu huku mgongo ukimuuma.

"Tufute kila kitu tuweke Linux upya," akasema mume, aliyekuwa bado hajatoka. Aibu ilimtia haraka.

"Ukifuta, na mchoro unaondoka. Nimwambie asimame tena? Hapana, baba. Ngoja nimwite jirani."

Jirani hufundisha kompyuta. Alisimuliwa yaliyotokea, akavuta kiti akakaa.

"Shemeji, wewe utakuja kuzima hata jua," alitania. Kisha akamgeukia mke. "Haijafa. Iwashe, na ikianza tu, gusa kitufe cha Esc."

Mke akagusa. Ikatokea orodha fupi. Mke akasogeza uso karibu.

"Hivi ni nini?"

"Ni viini vya Linux. Kiini ndicho kinachoiongoza kompyuta. Linux ikiweka kipya, kwa kawaida huacha na cha zamani. Kipya chako hakikumalizika. Chagua cha zamani."

Mke akachagua. Kompyuta ikafunguka, na mchoro ulikuwepo.

"Sasa itengeneze," mume akahimiza.

"Kwanza tuokoe kazi," jirani alisema. Wakanakili mchoro kwenye flashi. Ndipo akafungua dirisha la amri, akaandika: sudo dpkg --configure -a. Mistari ikaanza kupanda.

"Inafanya nini?" mke akauliza.

"Inamalizia vilivyoachwa nusu."

"Kwani inakumbuka ilipoishia?"

"Inaweka kumbukumbu. Ila si Linux zote hutumia amri hii. Yako inaitumia."

Walipoiwasha tena, kiini kipya kilifanya kazi vizuri.

"Na mimi nitajuaje kama inasasisha?" mume akauliza.

"Muulize mwenye kompyuta, shemeji."

Wote wakacheka, yeye zaidi. Tangu hapo, mke hunakili kazi zake kabla ya kusasisha, na mume huuliza kabla ya kuzima.

Wiki iliyofuata mteja alikuja. Aliweka mkoba chini, akajishika kiuno.

"Nisimame wapi unipime?"

"Hakuna kupima tena," fundi alimjibu, akamletea gauni. "Vaa, uende nalo."